Udongo Ulitoka Shambani Kwangu

Dada Fausta,

Shikamoo. Najua marahaba yake haitakuja, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo, hata sasa.

Masika yamekwisha wiki hii. Kaburi lako lipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoninyima raha tangu mawingu ya kwanza yalipokaa juu ya mlima. Kila asubuhi, kabla sijaweka chochote mdomoni, nilipanda hadi makaburini kutazama kama udongo umesogea. Haukusogea. Msalaba uliinama kidogo upande wa bondeni. Nimeunyoosha na kuushindilia mawe.

Mama hajambo kwa mwili, ukiacha miguu. Amegeuza kigoda chake. Zamani alikuwa akikaa kibarazani anaangalia mlima, sasa anaangalia ukuta wa jiko. Hakuna anayemuuliza. Benedikto wako yuko darasa la nne. Mvua ikianza kugonga bati huacha alichokuwa akifanya na kwenda kukaa karibu na bibi yake, hasemi neno mpaka inyamaze. Dada yake Agnes yuko kidato cha tatu. Amerefuka. Akisimama mlangoni na mwanga ukiwa nyuma yake nakuona wewe, na mimi hutazama pembeni.

Nyumba yako hatukuijenga tena. Pale ilipokuwa pameota magugu marefu kuliko mtu. Kuna siku kuku wa jirani alifukua kijiko chako pale, kile cha mpini uliopinda. Nilimpa Agnes. Alikipokea kwa mikono miwili akaingia nacho ndani.

Nimechelewa kukuandikia. Masika mengine yamepita katikati na mimi sikuwa na neno. Lakini yametokea mambo baada yako, na lipo moja ambalo lazima niliandike kwa mkono wangu, ingawa wewe ulilijua kabla ya watu wote.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Dumila. Miaka sita nauza nyanya kando ya barabara, nikarudi na begi moja na kikohozi. Wanaume wenzangu walinicheka. Wewe hukunicheka. Ulikwenda mwenyewe kwa wajomba zetu, wakubwa wa lukolo lwetu, ukoo wa upande wa mama, ukawaambia, "Kolumba ni damu yetu, na mimi shamba ninalo la kutosha. Nampa kipande cha juu." Ulikuwa huna la kutosha. Ukoo ulikuwa umekupa shamba moja tu, kutoka nyumbani kwako hadi kwenye mawe ya juu, na ulilikata katikati ili mdogo wako aitwe mtu.

Na hukunipa pori. Ulinipa shamba lililochimbwa tayari ngazi za kuzuia udongo, kumi na moja, kila moja imepakana na majani ya kulisha mbuzi, na kwenye kingo miti ya migrivea uliyoipanda Agnes akiwa bado anatambaa. Ulizichimba wewe na jirani yako Rukia na wale wanawake wa kikundi chenu cha ngazi na miche, kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Bibi yetu alikuwa bado hai wakati ule. Alikuwa akisikia neno ngazi anatema mate, maana wakati wa mkoloni baba yake alilazimishwa kuzichimba na hakulima chake msimu ule. Ulipiga magoti mbele yake ukamwambia, "Bibi, zile walichimbishwa. Hizi tunajichimbia wenyewe." Wiki iliyofuata alikutumia uji shambani.

Mimi nilizibomoa. Nitaje kila kitu. Mwaka wa kwanza nilizilima kama ulivyoziacha. Mwaka wa pili niliona kingo zinakula nafasi. Nilihesabu mistari ya kabichi ambayo ingekaa pale penye majani. Nikang'oa majani. Nikakata migrivea, nikaiuza kwa mtu wa nguzo. Nikasawazisha ngazi moja, halafu nyingine, mpaka shamba likawa mteremko mtupu kama paa la nyumba. Ulikuja ukasimama chini yake, mikono kiunoni. Hukupiga kelele. Ulisema, "Kolu, mvua haisahau njia yake." Nikacheka. Nilikuambia wewe unaogopa mvua kama paka.

Msimu ule kabichi zilikuwa kubwa ajabu. Nilijiona mjanja.

Baada ya hapo uliacha kubishana nami, ukaanza kuchimba mfereji nyuma ya nyumba yako. Nilikuwa nakuona kutoka juu. Ukitoka kwenye kitalu cha miche cha kikundi, pale karibu na chemchemi, unachukua jembe unachimba hatua mbili tatu, unakwenda kupika. Nilidhani ni ubishi wako tu. Mfereji ule ulikuwa wa kugeuza maji ya shamba langu yaende korongoni. Haukuwa wa nyumba yako peke yake. Chini yako kulikuwa na Rukia na watoto wake, na chini ya Rukia mzee Kibwana na mkewe asiyeona.

Halafu yakaja yale masika. Siku ya tatu ya mvua ulipanda hadi kwangu, kanga imekuganda mwilini. Nilikuwa napanga kabichi kwenye tenga. Rukia alikuwa nyuma yako. Ulisema, "Mdogo wangu, shamba limepasuka kule juu kwenye mawe. Nimeingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko. Njoo tuuzibe, tugeuze maji, kabla hayajaingia ndani."

Nikakujibu, "Kesho, dada. Hizi zitaoza."

Uliniangalia. Ukaweka mkono begani kwangu, ukasema, "Haya. Angalia njia, inateleza." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Ulikuwa na hasira nami na bado ukaniambia niangalie njia.

Nikashuka mjini na kabichi zangu. Saa sita mchana nilikuwa sokoni, nimejikinga chini ya turubai la mama mmoja muuza vitunguu, na nilikuwa nacheka. Sikumbuki tulikuwa tunacheka nini. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka. Wakati ule ule, kwa hesabu ya watu, ndipo mlima ulipoteremka.

Watoto walikuwa shuleni. Mama alikuwa kwake. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya mfereji, unautoa udongo uliokuwa umeanza kuujaza. Rukia alikupigia kelele kutoka chini utoke. Anasema ulimjibu, "Toa watoto wewe! Mtoe na mke wa Kibwana!" Aliwatoa. Aliporudi kukutazama hakukuwa na nyumba.

Nilikutana na habari njiani. Vijana watatu walikuwa wanateremka mbio kutafuta msaada; waliponiona wakasimama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Nilipofika watu walikuwa wanachimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Nilichimba na mimi. Udongo ule niliujua, dada. Ulikuwa na mizizi ya kabichi zangu.

Tulikupata kabla jua halijazama. Sitaandika ulivyokuwa. Mke wa Kibwana yule asiyeona ndiye aliyekufunga kidevu kwa ukanda wa kanga yake, maana sisi tunaoona tulishindwa kukutazama.

Kwenye mazishi watu walinisifu. Walisema hawajaona mtu akimlilia dada yake namna ile. Katekista alisema ni mapenzi ya Mungu, mjumbe akasema ni mabadiliko ya tabianchi, na bwana mmoja aliyetoka mjini aliandika kwenye karatasi yake "maafa ya mvua" akaondoka. Kila mmoja alinipa mahali pa kujificha. Nikajificha. Agnes alikuja akaegemeza kichwa kifuani kwangu, akasema, "Mjomba, sasa tumebaki na wewe." Nikamshika kichwa.

Nilinyamaza kipupwe chote. Kikundi chako kilikufa pole pole. Wengine walisema kama Fausta mwenyewe ngazi hazikumwokoa, sisi tunajisumbua nini? Hilo ndilo liliniuma kuliko yote: uongo wangu ulikuwa unabomoa na zile ngazi ambazo jembe langu halikuzigusa. Nilimwona mzee Kibwana anang'oa majani kwenye kingo zake. Miche kitaluni ilikauka. Ni Rukia peke yake aliyekuwa akienda, anamwagilia ile iliyobaki kwa ndoo, na chemchemi ikawa inatoa maji kwa tone tone.

Siku moja nilimkuta pale. Nilitaka nimpite. Akasema bila kuinua kichwa, "Kolumba, mimi nilikuwepo Fausta alipokuja kukuita."

Nilisimama.

"Sitasema mimi," akasema. "Mimi ni jirani tu. Utasema wewe, kwa mdomo wako, na watoto wake wakiwepo. Ukishindwa, basi usinisalimie tena."

Nilikwenda nyumbani nikaumwa. Kweli niliumwa, siku tano, homa isiyoonekana kwenye kipimo. Siku ya sita kulikuwa na mkutano wa kitongoji kwenye uwanja wa shule, kuzungumzia njia iliyokatika na chemchemi inayokufa. Nilikwenda. Agnes alikuwa amekaa na wasichana wenzake ukutani. Mama alikuwa mbele na wazee. Kibwana alisimama akasema yale yale, kwamba hakuna cha kufanya, mvua ni ya Mungu, na hata marehemu Fausta pamoja na ngazi zake mnajua yaliyompata.

Nikasimama. Nikasema, "Nyumba ya Fausta haikuangushwa na ngazi zake. Udongo ulitoka shambani kwangu. Ngazi alizonichimbia nilizibomoa mimi. Aliniita nikazibe ufa, nikamwambia kesho, nikaenda kuuza kabichi."

Nilitamani wanipige. Mama alishika fimbo yake, akainuka, akaondoka taratibu kwa miguu ile mibovu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Nilimtafuta Agnes kwa macho. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni akiingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Halafu akamfuata bibi yake.

Sijui kama nilifanya vema kusema mbele ya watu wote. Pengine ningeanza na Mama na Agnes, ndani, peke yetu. Niliogopa kwamba ndani ningepata tena namna ya kupunguza.

Mkutano haukufungwa. Watu walitawanyika tu. Lakini nilipokuwa bado nimesimama pale kama mti uliounguzwa, Kibwana alinijia. Nilijua atanitukana, ana haki. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nimeng'oa zangu. Wiki iliyopita." Akavuta pumzi. "Tutaanzia wapi?"

Tulianzia kwangu. Jumamosi iliyofuata tulikuwa mimi, Kibwana, Rukia na wanawake wawili wa zamani wa kikundi. Watu watano kwenye mteremko wote ule, na udongo mgumu wa kiangazi. Hatukujua hata kupima. Ngazi ya kwanza tuliichimba mchana kutwa; Rukia alimwaga maji ndoo moja kuijaribu, yakakimbilia upande mmoja wote. Tukakaa chini. Kibwana akasema labda tumwite bwana shamba. Ndipo nikamwona Agnes anapanda.

Alikuwa amebeba jembe begani na ile pembe tatu yako ya miti, yenye uzi na jiwe la kupimia usawa. Nilidhani ilizikwa na nyumba. Kumbe alikuwa ameiazima kwako kwa ajili ya somo la jiografia na ilikuwa shuleni siku ile. Alinipita bila salamu, akaisimamisha ardhini, akasubiri jiwe litulie, akachomeka kijiti. Akasogea hatua, akachomeka kingine. Rukia akaanza kulia. Mimi nilisimama, nikaanza kusema jina lake.

Akanikatiza. "Mjomba, sijakusamehe," akasema. "Nimekuja kuchimba."

Tukachimba. Kila Jumamosi, na siku nyingine baada ya shule. Wiki ya tatu walikuja watu wanane, baadaye zaidi. Wengine kwa kukupenda wewe, wengine, naamini, kuja kumtazama mtu aliyemuua dada yake akitoa jasho. Niliwashukuru wote. Tulipomaliza kwangu tukahamia kwa Kibwana, kisha kwa Rukia. Sehemu ya juu kabisa, penye ufa na mawe, hatukulima. Tumepanda miche ya Rukia, mikuyu na migrivea, na tumekubaliana mbele ya mwenyekiti kwamba jembe halitapita pale tena. Wapo waliokataa. Ng'ambo ya korongo wanalima mpaka kileleni na wanatuita wachimba makaburi.

Mama hakusema nami tangu mkutano mpaka mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa akinipa chakula kupitia kwa Benedikto. Siku moja alitoka mwenyewe na sahani, akaiweka mbele yangu, akasema, "Nilizaa wawili. Sitaki kubaki sina hata mmoja." Akarudi ndani. Sikuweza kula. Nilikula baadaye kikiwa kimepoa, nikamaliza chote.

Masika haya yalipoanza hakuna aliyekuwa na amani. Ilinyesha siku nne. Alasiri ya siku ya nne ilikuja mvua kama ile ile, ya kuziba macho. Hatukuitana. Kila mtu alichukua jembe akapanda, na watoto na wazee tukawapeleka shuleni, ng'ambo ya njia. Tulisimama kwenye mvua, tunaangalia ngazi. Maji yalijaa ngazi ya kwanza, yakatulia, yakatafuta mwanya, yakageukia korongoni. Ya pili vivyo hivyo. Ngazi ya tano ilipasuka. Tuliikimbilia, Agnes mbele, tukaijaza mawe na migomba na kila kilichokamatika. Ya sita nayo ikaondoka nusu. Matope yalifika hadi jikoni kwa Kibwana, yakaua kuku wake wote. Lakini yakaishia pale.

Ng'ambo ya korongo mlima uliteremka tena. Uliondoka na mashamba mawili na ng'ombe, na baba mmoja amevunjika nyonga. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Hakuna aliyetuita wachimba makaburi siku ile, na sisi hatukuwaambia neno. Nilipokuwa nimeshika mti wa machela nilijiambia kwamba kama ningekuja nawe siku ile, wewe ungekuwa umeshika mti wa upande wa pili. Mawazo haya hayaniishi. Sitaki yaniishe.

Usidhani nakuletea ushindi. Chemchemi haijarudi kama zamani. Wanawake bado wanakwenda mbali mwezi wa tisa. Nusu ya miche ya juu imeliwa na mbuzi. Kikundi kinagombana, Kibwana na Rukia hawajasemezana wiki mbili kwa sababu ya zamu. Wewe ungewapatanisha kwa kikombe kimoja cha chai. Mimi sijui.

Juzi ukoo ulikaa. Niliwaomba wajomba mwenyewe. Shamba la juu si langu tena, limerudi kwa watoto wako, limeandikwa jina la Agnes. Waliniuliza nitakula nini. Nikajibu kwamba nitalilima kwa ajili ya watoto mpaka Agnes amalize shule, na mazao ni yao. Akitaka kunifukuza siku moja, nitashuka na begi langu. Nimemwambia hivyo. Alisema, "Nimesikia."

Dada, sikuombi unisamehe. Huwezi kujibu, na kumwomba msamaha mtu asiyeweza kukataa ni wizi mwingine. Nakuahidi haya tu. Sehemu ya juu haitaguswa maadamu naishi. Mfereji wako tumeufufua, tumeujengea mawe, na mimi ndiye ninayeuzibua, si mtoto wa mtu. Benedikto hataacha shule kwa kukosa kitu nilichonacho.

Na lipo moja la mwisho. Jumamosi hii tulikuwa tumepumzika kwenye ngazi ya tano, mimi na Agnes, tumeirudishia kingo. Akaniuliza swali lisilohusu kazi, la kwanza tangu siku ya mkutano. "Mama alikuwaje alipokuwa na umri wangu?"

Niliweka jembe chini. Nikamsimulia siku uliyonibeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, nina homa, tukienda zahanati ya misheni. Ulikuwa mwembamba kama yeye. Maji yalikufika kiunoni na ulikuwa unaimba kwa nguvu nyimbo zote za kanisani, hata za Krismasi, kwa sababu ulikuwa unaogopa na hukutaka mimi nijue. Nilijua, dada. Nilikuwa nasikia moyo wako mgongoni.

Agnes alisikiliza hadi mwisho. Alifuta udongo kwenye magoti. Nikadhani atainuka.

"Endelea," akasema.

Pumzika, dada yangu. Nitaendelea kumsimulia.

Mdogo wako,
Kolumba